Kalamu ikija kitandani

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Kwenye shantie za ujenzi hapa Goma sisi huitwa wapwantere. Unafika kabla ya saa moja asubuhi, unakaa juu ya jiwe la lava karibu na lango, unaandika jina la kila anayeingia, na jioni unamwekea alama aliyemaliza siku yake. Hakuna anayekuheshimu sana. Fundi ana mwiko wake, saidia fundi ana karai, wewe una Bic ya bluu tu. Ila mtu akianguka, hutafutwa watu wawili haraka: mwenye gari na mwenye daftari. Mwenye gari anatafutwa ili mgonjwa afike hospitali. Kwa nini mwenye daftari anatafutwa, nitaeleza.

Siku hizi sishiki tena daftari, lakini vijana wa Katoyi na Ndosho bado wananijia jioni, mmoja na bandeji kichwani, mwingine anachechemea, na swali lao ni lile lile: "Papa, nimeumia kazini. Nichukue avoka?" Avoka ndiye wakili. Nami nawauliza: "Wameshakuletea karatasi?" Wengi wanashangaa. Walidhani nitauliza jeraha lina ukubwa gani au bosi ana pesa kiasi gani. Mimi nauliza karatasi kwa sababu nimeona nyumbani kwangu watu wakikosea mara mbili katika jambo moja: mara ya kwanza tuliwahi mno, mara ya pili tulibakiza nukta tuchelewe.

Ilikuwa Oktoba 2018. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa saidia fundi kwenye nyumba ya ghorofa upande wa Himbi. Mimi ndiye niliyemwombea kazi, na mimi ndiye niliyekuwa naandika jina lake kila asubuhi. Wanaoujua mji huu wanajua tunavyojenga. Sehemu ya Goma ilifunikwa na lava Januari 2002, watu wakarudi, wakavunja lava ile ile kwa nyundo wakainulia kuta. Tangu hapo nyumba zinapanda juu kila mwaka, na vijana wanapanda nazo, juu ya miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba na misumari, miguuni wamevaa kandambili. Kofia ngumu nilikuwa naiona kichwani mwa injinia siku ya ziara. Siku ile kamba ilikatika saa nne asubuhi. Shemeji alikuwa na karai la mchanga. Alianguka kutoka ghorofa ya pili, akatanguliza mkono wa kulia kisha nyonga.

Na hapa lazima nimtendee haki bosi wetu, ingawa mwisho wake hakunitendea haki mimi. Alimbeba kijana kwenye gari lake mwenyewe, damu ikachafua kiti, hakusema kitu. Alilipa dola 180 za kwanza hospitalini. Kesho yake alikuja na supu ya kuku. Mama mkwe alimwita "mwanangu".

Siku ya tatu, mtu mmoja wa kanisani alimwambia mama mkwe: bila avoka mtaliwa. Maneno hayo ukiyasikia ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mtoto wako, hayatoki kichwani. Mbuzi wawili waliuzwa, dola 100 zikaenda kwa avoka mmoja wa mjini, na jioni hiyo hiyo barua ikafika kwa bosi: ndani ya saa 48 alipe, la sivyo mahakama. Alipe nini? Barua haikusema vizuri, kwa kuwa hata daktari alikuwa hajajua kama nyonga itapasuliwa au itaachwa. Bosi aliisoma akiwa amesimama langoni, akaikunja, akaniambia, "Kama mnataka sheria, basi tutafuata sheria." Supu ikakoma. Pesa ya hospitali ikakoma. Upasuaji ulisogea siku tano, mpaka ndugu walipochanga.

Simlaumu sana avoka yule. Alilipwa aandike barua, akaandika. Kosa lilikuwa letu, kumpeleka mtu wa vita mahali ambapo vita ilikuwa haijatangazwa. Katika siku zile za kwanza yapo mambo ambayo mgonjwa na nduguze wanaweza kuyafanya wenyewe bila kutoa hata franga, na hayo ndiyo hakuna aliyeyafanya isipokuwa kwa bahati. Hakuna aliyemwomba daktari aandike kwenye cheti kwamba kijana ameumia kazini. Kiliandikwa "ameanguka", kama vile alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi. Majina ya mafundi wawili walioona kamba ikikatika hayakuandikwa popote, na mmoja wao wiki iliyofuata alikwenda Butembo. Hakuna aliyeuliza kama bosi ametoa taarifa kwenye CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile ambayo wazee bado tunaiita INSS. Kwa sheria, bosi peke yake ndiye anayechangia tawi la ajali za kazi, asilimia 1.5 ya mshahara, mfanyakazi hakatwi kitu. Na bosi akinyamaza, mwenye jeraha au jamaa yake anaweza kupeleka taarifa mwenyewe.

Halafu kuna inspekta wa kazi. Hapa ndipo watu wetu wanapopotea njia, kwani wanadhani mlango wa kwanza ni mahakama na mwenye ufunguo ni avoka. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema wazi: kesi ya mfanyakazi na mwajiri wake haipokelewi mahakamani kama haijapita kwanza kwa inspekta wa kazi ili wapatanishwe. Inspekta anawaita wote wawili, anasikiliza, anaandika. Mkipatana, anaandika mlivyopatana. Mkishindwa, anaandika mlivyoshindwa, na karatasi hiyo ya kushindwa ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Huduma yake haina bei. Barua ya saa 48 iliyotugharimu mbuzi wawili ilikuwa inamtishia bosi kwa mlango ambao sisi wenyewe tulikuwa hatujastahili kuupita.

Si Congo peke yake. Kenya wana sheria yao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, na nayo inampeleka aliyeumia kwanza kwa mkurugenzi wa usalama kazini, si kwa hakimu. Chama cha mawakili wa Kenya kiliipinga mahakamani kwa miaka mingi. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakikatalia. Huwa nacheka kidogo nikikumbuka kwamba walioona mlango huo ni mbaya walikuwa ni mawakili wenyewe.

Sasa nirudi kitandani. Siku ya tisa, kapita wetu, msimamizi wa mafundi, alikuja hospitalini na maboksi mawili ya juisi na bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja iliyochapwa kwa Kifaransa, dola 250 na kalamu. Alikuwa mpole sana. "Mama," alisema, "bosi amesamehe ile barua. Asaini hapa, mambo yaishe, sisi wote ni watoto wa nyumba moja." Shemeji mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo kapita alikuwa amekuja pia na kibweta cha wino, kwa ajili ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Nakumbuka kibweta kile kuliko pesa. Kuna mtu aliyekaa ofisini akawaza: huyu mkono wake umevunjika, atasaini vipi? Akapata jibu, akaenda kununua wino.

Mama mkwe alikuwa tayari. Dola 250 kwa mtu aliyekwisha kuuza mbuzi si pesa ya kudharau, na siku ile nisingemlaumu mtu ambaye angeichukua. Kilichotuokoa kilikuwa kitu kidogo: usiku uliotangulia bosi alikuwa ameniomba daftari "kwa kuhakiki". Kwa miaka kumi na moja alikuwa hajawahi kuhakiki daftari usiku. Kabla ya kumpelekea nilipiga picha kurasa zote za Agosti, Septemba na Oktoba kwa simu yangu ya Tecno, chini ya taa ya duka la jirani. Daftari lilirudi asubuhi. Kurasa za Oktoba hazikuwemo. Zilikuwa zimekatwa vizuri kwa wembe, mpaka karibu na uzi. Basi nilipoiona ile karatasi na kibweta, nikaunganisha mambo mawili, nikamwambia kapita, "Kaka, tuachie karatasi, tutasoma. Rudi Jumatatu." Hakufurahi. Alichukua pesa, akaacha juisi, na karatasi akaiacha kwa sababu nilikuwa nimeishika.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya avoka, si siku ya tatu. Na hatukuhitaji mbuzi. Kila baro, yaani chama cha mawakili, nchini, na ya Nord-Kivu ikiwemo, ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Iko katika sheria ya mawakili tangu mwaka 1979. Pale tulimkuta avoka mmoja kijana, Metre kama tunavyowaita, koti limemzidi mabega, meza yake ina mguu uliofungwa waya. Alisoma karatasi mara mbili bila kusema kitu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa tisa, juu ya neno moja: "renonce". Akatueleza kwa Kiswahili: kwa dola 250 kijana anakubali kwamba alianguka kwa uzembe wake, kwamba alikuwa kibarua wa siku moja, na kwamba anaachilia madai yote, ya leo na ya baadaye. Ya baadaye! Plasta ilikuwa haijatolewa. Daktari mwenyewe alikuwa hajasema kama kifundo cha mkono kitakunja tena.

Karatasi hizi huletwa mapema kwa sababu hiyo hiyo. Huletwa wakati maumivu ni makali, pesa imekwisha na mwili haujatoa jibu lake la mwisho. Mfupa ukiunga sawa katika wiki sita, bosi amepoteza dola 250 za bure. Usipounga, amenunua mkono wa mtu kwa bei ya baiskeli. Yeye anacheza na siku, na mwenye kitanda hajui kama kuna mchezo.

Metre aliuliza swali moja tu: "Alifanya kazi siku ngapi?" Nilitoa simu. Tulihesabu pamoja kwenye kioo kilichopasuka: siku 41 katika miezi miwili kabla ya ajali. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinasema kibarua wa siku akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, hesabu yake ni ya mtu wa mkataba usio na mwisho. Na mkataba usipoandikwa, mfanyakazi anaruhusiwa kuuthibitisha kwa njia yoyote: shahidi, ujumbe wa simu, daftari la pwantere. Kumbe shemeji hakuwa kibarua. Alikuwa mfanyakazi wa bosi, mwenye haki ya matibabu na ya theluthi mbili za mshahara wakati amelala. Ndiyo maana wembe ulipita kwenye Oktoba.

Narudia hesabu hiyo kwa vijana kila jioni na bado hawaiamini. Siku 22. Si miaka, si barua ya ajira yenye muhuri. Nunua daftari lako mwenyewe, andika siku zako mwenyewe, mwombe mwenzako aweke sahihi kila Jumamosi. Wachimbaji wa Rubaya wana shida nyingine kabisa, kwa kuwa wengi wao hawana hata bosi wa kumtaja jina. Hao sitajifanya kwamba ushauri wangu unawatosha. Nazungumza na wa shantie, wa mashine za kusaga mawe, wa maghala, wa bandarini, wote wanaoitwa kila asubuhi na mtu mmoja yule yule.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema hapa kazi haipatikani kwa tangazo, inapatikana kwa undugu: bosi ni mjomba wa rafiki yako, au mnasali naye. Ukienda kwa avoka umemtukana, na shantie nyingine zote zitasikia. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilipoteza kazi mwezi uleule, bila barua, na kwa mwaka mzima hakuna aliyenipa daftari. Lakini wanachanganya mambo mawili. Kumweka avoka ni jambo moja. Kumsomesha avoka karatasi ni jambo lingine. Yule Metre wa bure hakumwandikia bosi hata mstari mmoja. Alitusomea, akatuonyesha mstari wa tisa, akatuelekeza kwa inspekta, na alipoitwa siku ya mapatano alikaa nyuma kama mjomba. Bosi alikuja. Alikuta picha za kurasa zake zilizokatwa. Walipatana siku hiyo hiyo: upasuaji wa pili alipe yeye, theluthi mbili za mshahara kwa miezi aliyolala, na dola 1,400 kwa awamu saba.

Na pale pia kalamu ilitokea, maana mapatano ya inspekta nayo yanasainiwa. Inspekta si adui, lakini ana dosie nyingi na anapenda zifungwe. Pendekezo la kwanza lilikuwa dola 600 zilizojumuisha kila kitu, na mama mkwe alishanyoosha kidole. Metre alimgusa bega tu. Kwa hiyo nikisema avoka ni siku ya karatasi, nina maana ya karatasi yoyote inayomaliza madai, hata iwe na nembo ya serikali.

Kama cheti cha daktari kinasema mfupa utaunga, bosi analipa na hakuna anayekuletea kitu cha kusaini, mwache avoka ofisini kwake na umshukuru bosi wako. Zipo ajali nyingi za namna hiyo, na watu wanaharibu uhusiano wa miaka kwa barua moja. Lakini bosi akisema hakujui, au hajakuandikisha CNSS, au daktari akitamka kwamba kiungo hakitarudi kama zamani, usisubiri hata kalamu.

Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifungwa na mahakama zikasimama, na vijana wananiambia: Papa, sasa avoka wa nini? Naona wamegeuza hesabu. Sheria inayapa madai ya mkataba wa kazi miaka mitatu, na madai ya mshahara mwaka mmoja tu. Vita au hapana vita, mwenye jeraha aandike barua ya madai leo, akabidhi, na abaki na nakala iliyosainiwa na aliyepokea, kisha aihifadhi pamoja na cheti cha daktari na daftari lake. Nyumba zinaendelea kupanda hata sasa, na miti ya mkaratusi inaendelea kufungwa kwa kamba zile zile.

Bosi wetu alilipa awamu nne kati ya saba. Dola 600 zilizobaki hakuzileta, na sisi tulichoka kumfuata kabla hajachoka kutukimbia. Hilo ni kosa la tatu, nitalieleza siku nyingine. Shemeji anauza uniti za simu karibu na Entrée Président. Kifundo cha mkono hakikunji, anahesabu pesa kwa mkono wa kushoto, na anahesabu haraka kuliko mimi.

Kama unasoma haya na kuna karatasi juu ya meza yako au chini ya mto wa mgonjwa wako, usiisaini leo. Pokea juisi, shukuru, mwambie aliyeileta arudi Jumatatu, na kesho asubuhi ipeleke isomwe.